Makete: wilaya iliyopungua watu huku Tanzania ikiongezeka

Sensa ya Agosti 2002 iliwakuta Makete watu 105,775. Ile ya Agosti 2012 ikawakuta 97,266. Ndani ya miaka hiyo kumi Tanzania ilipanda kutoka watu milioni 34.4 hadi milioni 44.9, na wilaya nyingi zilikuwa zikigawanywa kwa sababu zimejaa. Makete, ambayo mwaka ule wa 2012 ilitoka Mkoa wa Iringa na kuingia Mkoa mpya wa Njombe, ikapungukiwa na watu 8,509. Hiyo ni asilimia 8. Haikupigwa na mafuriko, haikuwa na vita, wala hakuna operesheni iliyopita kuwaondoa watu.

Sensa ya 2022 iliwakuta 109,160, kwa hiyo wilaya imeanza kupanda tena. Lakini ukiweka 2002 na 2022 pamoja, ongezeko la miaka ishirini ni watu 3,385 tu, yaani asilimia 3.2. Kati ya 2012 na 2022 taifa lilikua kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka mmoja. Makete imetumia miaka ishirini kupata kile ambacho nchi inakipata kati ya Januari na Desemba.

Tunapozungumzia idadi ya watu nchini, mazungumzo huishia kwenye uzazi: wanawake wanazaa wangapi, nafasi kati ya mtoto na mtoto, njia za uzazi wa mpango. Ni mazungumzo halali, na takwimu zake zipo. Utafiti wa afya ya uzazi wa 1991/92 ulionyesha wastani wa watoto 6.2 kwa mwanamke, na ule wa 2022 ukaonyesha 4.8. Lakini mtu akiichukua Makete na kuisoma kwa kipimo cha uzazi peke yake hataielewa hata kidogo. Mahali hupungua au huongezeka kwa mambo manne: wanaozaliwa, wanaokufa, wanaohamia na wanaohama. Makete imeumizwa na la pili na la nne kwa wakati mmoja, na mambo hayo mawili yalikuwa yakishikana mikono.

Tuanze na ukubwa wa pengo. Kama Makete ingeongezeka kwa kasi ya taifa tangu 2002, sensa ya 2012 ingeikuta na watu kama 138,000. Ilikutwa na 97,266. Pengo ni zaidi ya watu 40,000 katika wilaya isiyofika watu laki moja. Si wote hao waliopanda basi wakaondoka. Wamo waliokufa, na wamo ambao hawakuzaliwa kabisa kwa sababu waliotakiwa kuwa wazazi wao walikuwa wameshakufa au wanaishi mbali. Takwimu ya jumla haiwatenganishi, ndiyo maana inabidi kuingia ndani ya kisa chenyewe.

Nchi ya baridi na miteremko

Makete iko kwenye Milima ya Livingstone, upande wa kaskazini mashariki wa Ziwa Nyasa. Ni nchi ya Wakinga. Uwanda wa Kitulo, ambao tangu 2005 ni hifadhi ya taifa inayojulikana kwa maua yake, uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi majani huwa meupe kwa sakitu. Viazi mviringo, ngano, pareto, ulezi, maharage na matofaa vinakubali. Mahindi yanachelewa sana kukomaa kwenye maeneo ya juu. Mashamba mengi yako kwenye miteremko mikali ambako trekta haifiki, na baba mwenye watoto wanne wa kiume hana cha kuwagawia wote.

Kwa hiyo kuondoka hakukuanza juzi. Wakati wa Waingereza, kodi ya kichwa iliwalazimisha wanaume wa Nyanda za Juu Kusini kutafuta shilingi mahali ilipo. Wabena na Wakinga walikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, wengine wakaingia kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya katika miaka ya 1920 na 1930, na baadaye kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Majirani zao Wanyakyusa walivuka hadi migodi ya Afrika Kusini kupitia Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi hiyo. Wakinga wakajijengea jina katika kupasua mbao: mmoja juu ya gogo, mwingine chini ndani ya shimo, msumeno mrefu ukipanda na kushuka kati yao, na yule wa chini akila unga wa mbao tangu asubuhi hadi jioni. Kazi hiyo iliwatembeza msitu hadi msitu. Iliwafundisha pia kwamba anayenunua mbao na kuziuza anapata kuliko anayezipasua.

Hapo ndipo biashara ilipoingia. Leo ukitembea Makambako, Mwanjelwa jijini Mbeya, Mafinga, Tunduma au Kariakoo, utawakuta Wakinga kwenye maduka ya nguo, vyombo, vifaa vya ujenzi na vipuri. Njia yao ya kuingia mjini inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayoeleza takwimu.

Kijana anamaliza shule. Anateremka na basi la alfajiri, begi moja mgongoni, na kwenye buti yako magunia ya viazi ambayo mama yake ameyatuma kwa wenyeji wake. Anafikia kwa kaka au mjomba mwenye duka. Analala stoo, juu ya marobota. Asubuhi anafagia, anapanga ndoo na sufuria nje, anajifunza bei ya jumla na ya rejareja, anajifunza mteja gani anakopesheka na yupi ni wa kuambiwa bosi hayupo. Kwa kawaida hapewi mshahara wa mwisho wa mwezi. Anakula na kulala hapo, na mwenye duka anamtazama. Baada ya miaka kadhaa, akionekana mwaminifu, anafunguliwa duka lake: fremu iliyolipiwa kodi, mzigo wa kuanzia, na kutambulishwa kwa wauzaji wa jumla Kariakoo ili naye apewe mali kwa mkopo. Akishasimama anamwita mdogo wake kutoka kijijini, na mdogo huyo analala stoo ileile.

Wataalamu wa jiografia ya watu huuita utaratibu huu mlolongo wa uhamaji. Aliyetangulia anamshushia gharama anayefuata: anampa pa kulala, kazi, mtaji na jina la kuaminika. Everett Lee, mtaalamu wa Kimarekani wa masuala ya idadi ya watu, aliandika mwaka 1966 kwamba uamuzi wa kuhama unategemea hali ya huku, hali ya kule, vikwazo vya katikati na hali ya mtu mwenyewe. Kwa kijana wa Makete vikwazo vya katikati vimeondolewa karibu vyote. Barabara ya lami kutoka Njombe imefika. Simu ipo. Kaka yupo. Kinachobaki ni uamuzi tu, na kwa nyumba nyingi hata uamuzi huo huwa umeshafanyika kabla hajamaliza kidato cha nne.

Sioni sababu ya kuulaumu utaratibu huu. Una dhuluma zake, hasa pale kijana anapozungushwa miaka mingi bila kufunguliwa chake. Lakini umewatoa watu kwenye umaskini bila benki na bila mradi wa mtu yeyote.

Wasichana nao huondoka, ila njia yao mara nyingi ni nyingine, na hii inaniuma. Iringa na Njombe zimekuwa kwa miaka mingi mahali ambako familia za Dar es Salaam hutafuta dada wa kazi, na wengi wao huchukuliwa wakiwa bado wadogo kisheria. Wao hawafunguliwi duka. Akirudi, anarudi na begi alilokwenda nalo, wakati mwingine na mtoto.

Miaka ya misiba

Uhamaji peke yake hauishushi wilaya namna ile. Kilichoongezeka ni ukimwi.

Utafiti wa taifa wa 2011/12 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, ya juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.1. Utafiti wa 2022/23 bado umeikuta Njombe inaongoza kwa asilimia 12.7 dhidi ya 4.4 ya taifa, safari hii kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Namba hiyo ya karibuni isomwe kwa uangalifu: watu wanaoishi miaka mingi kwa sababu ya dawa wanabaki ndani ya hesabu, kwa hiyo kiwango kinaweza kukaa juu hata vifo vikishuka.

Kabla ya 2004, ambapo dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa nchini bila malipo, hospitali za Bulongwa na Ikonda na zahanati za vijijini zilikuwa na kidogo sana cha kumpa mgonjwa. Makete ikajulikana nchi nzima kwa yatima wake. Zilikuwapo nyumba ambako bibi wa miaka sabini alilea wajukuu wanne, na zilikuwapo nyumba ambako mkubwa wa familia alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Uhusiano wa ugonjwa na uhamaji ulikuwa wa pande mbili. Wanaume waliofanya kazi mbali na wake zao kwa miezi mingi, miji ya barabara kuu yenye pesa za usiku, wafanyabiashara wanaozunguka minadani: hizo ndizo njia virusi vilizopita. Halafu ikaja safari ya kurudi. E. G. Ravenstein, aliyechambua sensa za Uingereza na kuchapisha kanuni zake za uhamaji mwaka 1885, alisema kila mkondo mkubwa wa watu huzaa mkondo wa kurudi nyuma. Hakuwa akifikiria jambo kama hili. Walioondoka Makete wakiwa na nguvu za miaka ishirini walirudi na miaka thelathini na tano, wamebebwa, kuja kuuguzwa na mama zao. Nguvu zao zilijenga Makambako na Mbeya. Vifo vyao vikahesabiwa Makete.

Mkoa wa Njombe wa 2012 ulikuwa na wanaume 329,359 na wanawake 372,738. Kwa kila wanawake 100, wanaume 88. Sehemu ya tofauti hiyo ni wanaume waliokuwa hai lakini mahali pengine, na sehemu ni wanaume waliokuwa makaburini. Mwalimu wa jiografia anayechora piramidi ya watu ubaoni anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake kwa kisa hiki kwamba piramidi inaweza kubonyea kiunoni, pale kwenye watu wa miaka 20 hadi 40, hata mahali ambapo wanawake wanazaa vizuri.

Walipolala ndipo walipohesabiwa

Jambo lingine husahaulika kila mtu anaposhika takwimu za Makete mkononi. Sensa yetu humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mfanyabiashara wa Makambako mwenye nyumba ya tofali na bati la rangi kijijini kwake Makete, anayekuja huko kila Krismasi na kila msiba, anayechangia bati la zahanati na atakayezikwa kando ya baba yake, kwa sensa ni mtu wa Makambako. Ni sawa, kwa sababu anatumia maji na soko la Makambako. Lakini ukipita vijiji vya Makete utaona nyumba nzuri zenye kufuli, na ukisoma takwimu peke yake utadhani watu wamekimbia. Hawajakimbia. Ukoo mmoja umetandazwa kwenye miji mitatu, na kila wiki kuna mzigo unaopanda na mwingine unaoshuka: sukari, sabuni, mafuta na ada ya shule kwenda juu, viazi, maharage na watoto wa kidato cha kwanza kuja chini.

Tazama Makambako. Mwaka 2012 halmashauri ya mji ilikuwa na watu 93,827, na 2022 ikawa na 146,481, ongezeko la asilimia 56. Mji huo uko pale barabara ya Songea inapoungana na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma, na reli ya TAZARA inapita. Kama ungeongezeka kwa kasi ya taifa ungekuwa na watu kama 129,000, kwa hiyo umezidi kwa zaidi ya 17,000. Makete kwa kipimo hichohicho, kuanzia 2012, imepungukiwa na zaidi ya 24,000. Sisemi ni watu walewale. Makambako inapokea kutoka Wanging'ombe, Ludewa, Mufindi na kwingine kwingi. Lakini yeyote anayejua nani wana maduka pale hatashangaa.

Kanuni nyingine ya Ravenstein inakaa vizuri hapa: wahamaji wengi huenda karibu kwanza, kisha hatua kwa hatua wanasogea kwenye vituo vikubwa. Makambako ndiyo hatua ya kwanza, Mbeya ya pili, Kariakoo ya tatu.

Sera ilikuwa wapi?

Tanzania ilipitisha Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu mwaka 1992 na kuirekebisha 2006, katikati kabisa ya miaka ambayo Makete ilikuwa inapungua. Kwa mwananchi wa kawaida sera hiyo ilifika kama bango la uzazi wa mpango kwenye ukuta wa zahanati. Bango hilo lilikuwa na maana Geita au Katavi. Kwa bibi wa Makete aliyezika watoto watatu na kubakiwa na wajukuu, halikuwa na jibu la swali lake.

Kuhusu uhamaji, historia yetu ina vipindi viwili vya mkono mzito. Kwanza ni Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, iliyokusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, wengine kwa nguvu. Pili ni Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, iliyotaka kuwaondoa mijini walioitwa wazururaji na kuwarudisha mashambani. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara wadogo. Watu walikamatwa, wakasafirishwa, na wengi wakarudi mjini. China ilikwenda mbali zaidi: tangu 1958 mfumo wake wa usajili wa makazi, hukou, umefunga shule na matibabu ya mtu kwenye mahali alipoandikishwa, na mamilioni wakaishi mijini kama wageni katika nchi yao. Sisi hatuna hilo. Ibara ya 17 ya Katiba inampa raia haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano, na kwa maoni yangu ni moja ya mambo mazuri tuliyonayo. Bado nasikia viongozi wakisema vijana warudi vijijini wakalime. Kijana mwenye duka Mwanjelwa anayelipa ada ya wadogo zake watatu ameshaisaidia Makete kuliko angekuwa na robo eka ya mteremko.

Tatizo la sera liko kwa waliobaki. Chukua shule ya msingi ya mfano, yenye wanafunzi 90 kwenye kitongoji cha juu. Kiwango cha taifa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, kwa hiyo hesabu inaipa shule hiyo walimu wawili. Madarasa ni saba. Ruzuku ya uendeshaji chini ya elimu bila ada, iliyoanza 2016, ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, kwa hiyo stahili yake yote haizidi shilingi 900,000. Paa linalovuja halijui kwamba chini yake wamekaa watoto wachache. Mtihani wa darasa la saba ni uleule wanaofanya watoto wa Mbeya mjini. Hesabu ya kichwa kwa kichwa inaonekana ya haki, na kwa wilaya inayojaa ni ya haki, lakini kwa wilaya inayopungua inawaadhibu watoto kwa sababu jirani zao wameondoka.

Vivyo hivyo kwa wazee. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au la. Bara hakuna malipo ya namna hiyo kwa kila mzee. Upo mfuko wa serikali wa TASAF kwa kaya maskini, na ipo simu kutoka Makambako. Mzee ambaye watoto wake wamekufa hana wa kumpigia.

Mahali pamoja mfumo umejifunza kumfuata mtu ni kwenye dawa za ukimwi. Zamani mgonjwa alitakiwa kwenda CTC, yaani kliniki ya dawa za ukimwi, kila mwezi, na mpasua mbao aliye msituni alikuwa akikosa dozi. Siku hizi mgonjwa ambaye hali yake imetulia anaweza kupewa dawa za miezi mitatu hadi sita, na anayehama hupewa uhamisho kwenda kituo cha kule aendako. Utaratibu huo umekubali kwamba watu wanatembea, ukajipanga kufuatana nao. Naamini una mchango mkubwa katika Makete kupanda tena kutoka 97,266.

Upangaji mwingine unaweza kufuata njia hiyo bila sheria mpya. Dodoso la sensa linauliza mtu alizaliwa wapi na makazi yake ya kawaida ni yapi, kwa hiyo mkondo kati ya Makete na miji ya barabara kuu unaweza kusomwa, na halmashauri zinazopeleka na zinazopokea zinaweza kukaa meza moja kabla ya bajeti. Walimu wa shule ndogo wapangwe kwa idadi ya madarasa. Ruzuku iwe na kiwango cha chini ambacho shule haishuki chini yake, hata ikibaki na watoto 60. Haya mawili yako ndani ya uwezo wa wizara na halmashauri, na hayahitaji kusubiri sensa ya 2032. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka wa sensa iliyopita atakuwa ameshamaliza shule ya msingi kabla makarani wa sensa hawajarudi.